Nasaha kwa Mjukuu Anayeuza Dawa za Maumivu

Mjukuu wangu,

Mama yako kaniambia umemaliza mafunzo na umepata nafasi kwenye duka la dawa muhimu pale karibu na stendi. Hongera sana, na Mungu akutangulie. Bibi yako nimestaafu ufamasia, ila mdomo haujastaafu, kwa hiyo nivumilie. Sitakufundisha kusoma cheti cha daktari wala kupanga rafu. Hayo umeyapata darasani. Nataka tuzungumze juu ya maumivu, maana ndiyo yatakayokuletea watu mlangoni asubuhi hadi usiku, na dawa zake ndizo zinazouzwa kwa haraka kuliko kitu kingine chochote dukani.

Mteja wa maumivu haji na jina la ugonjwa. Kijana wa bodaboda atasimama bila kuzima injini, atakunyooshea noti ya elfu moja na kusema, "Dada, nipe ya mgongo, ile kali." Utachukua mkasi, utakata vidonge vinne kwenye karatasi ya vidonge kumi, na mkasi utapita katikati ya jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ataondoka na kipande kinachong'aa ambacho hakisemi kitu. Akianza kutapika damu usiku, daktari wa zamu atamuuliza amemeza nini, naye atajibu, "Vile vyeupe." Basi anzia hapo hapo: tia vidonge kwenye bahasha, andika jina, nguvu ya dawa, na vinamezwaje. Kazi ya sekunde kumi, na pikipiki itaendelea kunguruma nje bila kudhurika.

Lakini kwa nini nikusumbue na mambo ya ndani zaidi ya hapo? Kwa sababu kabla huyo kijana hajafika kwenye kaunta yako, mwili wake umekwisha kuanza kumtibu. Ukilijua hilo, utauza tofauti.

Kila seli ya mwili, iwe ya binadamu, ya ng'ombe au ya panya, imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Shuleni tunaambiwa kazi ya utando huo ni kuzuia vya ndani visitoke na vya nje visiingie ovyo. Ni kweli, lakini kuna kazi nyingine ambayo vitabu vya sekondari huipita mbio. Mtu akijikata, akiungua, au goti likivimba, vimeng'enya vinakata vipande vya mafuta kutoka kwenye utando ule ule, na vipande hivyo vinaanza kusema na seli za jirani. Vipo vinavyosema "hapa pameumia, paume zaidi ili mwenyewe apapumzishe." Vipo vinavyosema "basi, imetosha." Vinatoka kwenye mafuta yale yale, mara nyingine vinatoka hata kwenye asidi ile ile ya mafuta, iitwayo arakidoniki.

Jambo linalonistaajabisha hadi leo ni namna vinavyotengenezwa. Insulini hutengenezwa mapema, ikahifadhiwa, ikangoja kuitwa. Hivi vya mafuta havingoji. Mwili unavitengeneza pale pale panapouma, saa ile ile, kwa kiasi kinachotakiwa, kisha kimeng'enya kingine kinavivunja ndani ya muda mfupi. Ni kama mama mwenye nyumba anayepika kwa hesabu ya waliokaa mkekani na halazi kiporo. Uzito wote wa haya ninayokuambia uko hapo kwenye kuvunja. Watu wengi wenye akili na fedha wamejaribu kuuzuia mwili usivunje, na nitakueleza yaliyowapata.

Kwanza tuanze na vile vinavyoongeza maumivu, kwa sababu karibu nusu ya rafu yako ya dawa za maumivu inavihusu. Vinaitwa prostaglandini. Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899, na dunia iliimeza kwa zaidi ya miaka 70 bila kujua inagusa nini mwilini. Mwaka 1971 John Vane, akifanya kazi London, alionyesha kwamba inazuia prostaglandini zisitengenezwe. Mwaka 1982 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, waliokuwa wamezichambua prostaglandini zenyewe. Ibuprofeni na diklofenaki zinapita njia hiyo hiyo ya aspirini.

Sasa fungua masikio. Prostaglandini hizi zinazoufanya mwisho wa neva uwe mwepesi kuuma ndizo pia zinazolisaidia tumbo kutoa ute wa kujikinga na tindikali yake. Ndizo zinazosaidia mishipa ya figo ibaki wazi mtu anapopungukiwa maji. Ukizizuia mgongoni, umezizuia na tumboni na kwenye figo. Kidonge hakijui njia ya kwenda kwenye pingili moja tu. Mchukuzi aliyebeba magunia tangu alfajiri, hajala, maji kanywa kikombe kimoja, ukimpa diklofenaki kutwa mara tatu kwa wiki mbili, mgongo utatulia kweli, atakushukuru na atakuletea wenzake. Tumbo na figo hazitakuja dukani kulalamika. Zitaenda moja kwa moja hospitali ya mkoa, siku ambayo wewe umeshamsahau.

Kwa hiyo uliza. Umekula? Unakunywa maji ya kutosha? Umewahi kuugua vidonda vya tumbo? Unatumia dawa za presha? Mwanamke muulize kama ana mimba, na muulize kwa sauti ya chini, si kwa sauti ya mnadani. Mimba ikishafika wiki 20, dawa za jamii hii si za kumpa bila daktari, maana zinaweza kudhuru figo za mtoto, na mimba ikikua zaidi zinaweza kufunga mapema mshipa wa damu ambao mtoto anautegemea akiwa tumboni. Na msimu wa denge, ambao Dar es Salaam tuliuonja vizuri mwaka 2014 na tena 2019, mtu mwenye homa kali na maumivu ya viungo usimpe aspirini wala ibuprofeni kabla hajapimwa. Denge inaweza kuleta kutokwa damu, na dawa hizi zinazuia pia mafuta mengine, thromboksani, yanayosaidia chembe sahani kugandisha damu. Mpe parasetamoli, mpeleke akapime.

Ukidhani bibi anatia chumvi kuhusu figo, tazama tumbusi wa India na Pakistani. Walikuwa wengi sana, kisha wakaanza kuanguka kutoka mitini. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba walikuwa wanakula mizoga ya mifugo iliyotibiwa kwa diklofenaki, na figo zao zinashindwa kazi. Miaka miwili baadaye India, Pakistani na Nepali zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Binadamu anaistahimili kuliko tumbusi, la sivyo tusingekuwa tunaiuza. Lakini ni dawa ile ile.

Hata hivyo usije ukatoka hapa ukiziogopa. Zina mahali pake, na mahali pamoja nakuambia kwa msisitizo kwa sababu wewe ni msichana na watakuja wasichana wenzako: maumivu ya hedhi. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba unapobomoka hutoa prostaglandini nyingi, nazo zinaukaza msuli wa mji wa mimba mpaka damu inapita kwa shida, na hapo ndipo msichana anajikunja. Hakuna uvivu hapo wala kudeka. Walimu wengi wa kike na wa kiume walisema vingine, na mama zetu nao walisema "utazoea ukizaa." Ibuprofeni inagusa chanzo chenyewe, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema, maumivu yanapobisha hodi, pamoja na chakula, kwa siku mbili tatu hivi. Akikuambia maumivu yanazidi kila mwezi, au yanamlaza kitandani hata nje ya siku zake, usimuongezee dozi. Mwandikie aende kliniki akaangaliwe.

Sasa upande wa pili, wa vile vinavyosema "imetosha." Hapa kuna hadithi inayopitia kwenye mayai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 daktari mmoja wa New York, Alvin Coburn, aliangalia watoto wa familia maskini waliokuwa wakirudiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanza na koo kuuma na kuishia kuharibu vali za moyo. Alipowaongezea kiini cha yai kwenye chakula, aliona homa hiyo inapungua kurudi. Mwaka 1957 wanakemia wa Marekani walikitoa kitu kimoja kutoka kwenye kiini cha yai, kwenye soya na kwenye karanga: palmitoiletanolamidi. Jina linachosha, wataalamu wanaliita PEA, nasi tuliite hivyo. Ndani yake mna asidi ya palmitiki, ile ile iliyojaa kwenye mawese ya Kigoma.

Nakuona umeshaanza kutabasamu. Usimwambie mtu anywe mawese. PEA inayofanya kazi kwenye goti inatengenezwa na seli za goti lenyewe. Kijiko cha mawese kinakwenda kuwa mafuta ya mwili kama mafuta mengine. Wala mtoto mwenye koo lenye usaha usimpe yai badala ya penisilini. Vali za moyo zilizoharibiwa na homa hiyo bado zinawaua vijana wetu Afrika Mashariki, na kinga yake ni antibayotiki iliyotolewa mapema na kumalizwa. Coburn aliona jambo la kweli, lakini penisilini ilipofika ilimpita mbali.

PEA ilikaa pembeni kwa miaka mingi mpaka ilipookotwa na mwanamke ambaye ningependa umjue. Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin mwaka 1909, katika familia ya Kiyahudi. Sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilimfukuza kwenye kazi ya chuo kikuu. Akatengeneza maabara chumbani kwake na kuendelea kuchunguza neva za vifaranga ambavyo havijaanguliwa, kwa mayai ya kuku aliyoyatafuta kwa shida wakati mabomu yanaanguka mjini. Kazi iliyoanzia humo ilimfikisha kwenye Nobel mwaka 1986. Wengine wangeishia hapo, wakala pensheni. Yeye mwaka 1993, akiwa na miaka 84, alichapisha pamoja na wenzake wazo jipya: kwamba mwili unatumia PEA na ndugu zake kuzituliza seli za masti, zile zinazofyatua histamini na kuleta uvimbe na maumivu. (Ukiona napenda sana habari ya mtu anayeleta wazo jipya akiwa na miaka 84, mwulize babu yako sababu.)

Baadaye, mwaka 2005, wanasayansi walionyesha mlango mmojawapo PEA inapopitia: kipokezi kilicho ndani ya kiini cha seli, kinachoamua jeni zipi za uvimbe ziwashwe au zizimwe. Panya waliozaliwa bila kipokezi hicho, PEA haikuwapunguzia uvimbe. Leo vidonge vya PEA vinauzwa Italia na nchi nyingine za Ulaya, na matangazo yake yanafika mpaka kwenye simu yako. Yapo majaribio yaliyoonyesha inapunguza maumivu sugu, lakini mengi ni madogo. Mtu akija kukuuliza, mwambie hivyo hivyo bila kumkatisha tamaa wala kumtia ndoto. Na akikuambia "lakini ni ya asili, haina madhara," mkumbushe kwamba prostaglandini zinazomchoma zile nazo ni za asili, na sumu ya nyoka pia.

Ndugu mwingine wa PEA ni maarufu zaidi, kwa sababu ya bangi. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waligundua kwamba ubongo una kipokezi kinachopokea kiini cha bangi. Swali likaja lenyewe: kwa nini ubongo wa mnyama uwe na mahali pa kupokelea mmea? Jibu lilitoka Jerusalem mwaka 1992. William Devane na Lumír Hanuš, katika maabara ya Raphael Mechoulam, walikitoa kwenye ubongo wa nguruwe kitu cha mafuta kinachokaa kwenye kipokezi hicho hicho. Wakakiita anandamidi. Miaka mitatu baadaye akapatikana mwenzake, 2-AG, ambaye kwenye ubongo ni mwingi kuliko yeye.

Najua vijana wa stendi watakavyokutega na habari hii: "Kumbe hata mwili unatengeneza bangi, bibi yako kasema." Waambie bibi kasema hivi: mwili unatengeneza kidogo, mahali pamoja, na unavunja mara moja. Msokoto unafurika ubongo mzima kwa saa kadhaa, pamoja na sehemu za kumbukumbu na za kuamua ambazo kwa kijana wa miaka 17 bado zinajengwa. Anayelinganisha hivyo viwili hajui kupima.

Na mfumo huu hauko kwa ajili ya maumivu tu. Watafiti wa Israeli walipokiziba kipokezi cha anandamidi kwa vichanga vya panya siku ya kuzaliwa, wengi hawakuweza kunyonya, wakafa. Vitu hivi vya mafuta vipo hata kwenye maziwa ya mama, ya binadamu na ya wanyama. Ndiyo maana nikimsikia mtu anataka "kuuongeza" huo mfumo kwa kidonge, ninauliza kwanza: kuuongeza wapi?

Nilikuahidi yaliyowapata waliojaribu. Anandamidi inavunjwa na kimeng'enya kiitwacho FAAH. Wazo lilikuwa zuri: badala ya kumpa mtu kitu kigeni, zuia kimeng'enya, anandamidi yake mwenyewe ibaki, maumivu yapungue. Kwa panya ilifanya kazi vizuri sana. Kampuni kubwa ya Marekani ikaijaribu kwa watu wenye maumivu ya goti la uzee, matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Anandamidi kwenye damu ilipanda mara nyingi. Goti likauma vile vile, sawa na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Moja ya sababu zinazofikiriwa ni ya ajabu, nayo utaielewa kwa ulimi wako. Anandamidi haikai kwenye kipokezi cha bangi peke yake. Ikiwa nyingi inaweza kugusa pia kipokezi ambacho pilipili inakigusa, kile kinachotufanya tuhisi kuungua. David Julius alikigundua kipokezi hicho mwaka 1997 kwa kutumia kiini cha pilipili chenyewe, na akapata Nobel mwaka 2021. Kwa hiyo kitu kile kile kinachotuliza, kikizidi, kinaweza kuchoma.

Mwisho mbaya zaidi ulikuwa Rennes, Ufaransa, Januari 2016. Watu wenye afya njema waliojitolea walipewa dozi za kurudiarudia za dawa nyingine ya kuzuia FAAH, iliyotoka kampuni ya Ureno. Sita wakalazwa, mmoja wao akafariki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka uliofuata ulionyesha kuwa dawa ile, tofauti na ile ya Marekani, ilikuwa inagusa pia vimeng'enya vingine vinavyosimamia mafuta ya seli za neva. Nawataja hawa kwa heshima. Hawakuwa wagonjwa, walikwenda ili wengine wapone.

Na yupo mtu mmoja ambaye majaliwa yalimfanyia kile ambacho kampuni zilishindwa. Ni mwalimu mstaafu wa Uskoti, habari zake zilichapishwa mwaka 2019. Alifanyiwa upasuaji wa mkono, ambao kwa kawaida huuma vibaya sana, na hakuhitaji dawa ya maumivu. Madaktari wakamchunguza wakakuta jeni zake zinazohusu FAAH zina kasoro mbili, na anandamidi kwenye damu yake iko juu kuliko ya watu wengine. Hana wasiwasi, hana huzuni. Utasema, raha iliyoje! Lakini nyonga yake ilikuwa imeharibika kabisa bila yeye kuhisi. Mara nyingi alijua ameungua jikoni baada ya kusikia harufu ya nyama yake mwenyewe. Na husahau sahau maneno katikati ya mazungumzo. Mteja akikuambia anataka maumivu yaishe kabisa kabisa, mkumbuke mama huyu.

Kuna jambo dogo kuhusu parasetamoli ambalo ningependa ulijue, kwa sababu utaiuza kila siku na watu wanaidharau kwa kuwa ni ya bei rahisi. Mwaka 2005 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba ikifika ubongoni, sehemu yake inaunganishwa na asidi arakidoniki, na anayeiunganisha ni FAAH yuleyule tuliyemsema. Kinachotokea hapo kinagusa njia ya anandamidi na kile kipokezi cha pilipili. Kidonge cha bei ya andazi kinaomba msaada kwa mafuta ya mwili wako mwenyewe. Lakini mtu mzima asipitishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na uangalie wanaomeza parasetamoli, halafu wanameza ya mafua ambayo ndani ina parasetamoli hiyo hiyo, halafu jioni wanakunywa pombe. Ini halina uvumilivu wa namna hiyo.

Turudi kwa yule wa bodaboda. Mpe dawa ya siku tatu ukishamuuliza maswali, lakini mpe na neno. Mwambie asilale kutwa nzima akidhani anauponya mgongo, atembee. Sisemi hivi kwa kuwa wazee tunapenda kuwatembeza watu. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba panya waliokimbia kwenye gurudumu walipungukiwa na hofu na kuhisi maumivu kidogo zaidi, na faida hiyo ilipotea pale vipokezi vya anandamidi vilipozibwa. Walipoviziba vya endofini, kitulizo kingine cha mwili ambacho ndicho kila mtu hukisifia, faida ilibaki. Wengine waliwapima watu, mbwa, na mnyama mmoja wa jamii ya kicheche anayefugwa Ulaya, baada ya kukimbia. Kwa watu na mbwa anandamidi ilipanda. Kwa kicheche haikupanda. Sisi ni wa kundi la mbwa katika hili, tumeumbwa kwenda mwendo mrefu. Ila akikuambia mguu umekufa ganzi au anashindwa kuzuia mkojo, huyo hahitaji kidonge wala matembezi; ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo jingine la barabarani. Utaona siku moja mtu ameanguka na pikipiki, anasimama, anafuta vumbi, anasema "niko fiti," na anaomba plasta. Usimwamini yeye wala wanaomshangilia. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwa panya kwamba mshtuko mkubwa unaufanya ubongo umwage 2-AG na anandamidi kwenye eneo linalosimamia maumivu, na mnyama akawa hahisi kwa muda. Muda huo ni wa kukimbilia usalama. Ukiisha, mfupa uliovunjika unaanza kusema. Mkalishe, mwangalie macho, mwulize anakumbuka nini, tafuta gari.

Na kinyume chake pia ni kweli. Atakuja mama ambaye vipimo vyote ni safi, hana jeraha, hana uvimbe, na anaumwa mwili mzima mwaka wa pili sasa. Wenzako watacheka akigeuka. Wewe usicheke. Mfumo huu wa kuongeza na kupunguza unaweza kuyumba wenyewe, kengele ikalia bila mwizi, na maumivu yake yakawa ya kweli kama ya aliyevunjika. Msikilize amalize sentensi. Usimuuzie kitu kipya kila wiki.

La mwisho ni la wale ambao mafuta yote ya mwili na rafu yako yote havitatosha. Utawajua: ndugu anakuja kununua dawa ya maumivu mara mbili kwa siku, mfululizo, kwa ajili ya mgonjwa aliye nyumbani, na kila akija anataka kali zaidi. Mara nyingi hiyo ni saratani. Usimwongezee diklofenaki juu ya diklofenaki. Dawa ya mtu huyo ni mofini, na haiuzwi kwako. Inatolewa hospitalini na kwenye huduma za tiba shufaa, kama pale hospitali ya saratani ya Ocean Road. Uganda walituonyesha njia mapema: Hospice Africa Uganda ilianzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, na mofini ya maji, ya kunywa, ikaanza kuwafikia watu majumbani kwa gharama ndogo. Familia nyingi zinaiogopa kwa jina lake. Wewe usiiogope, na usimruhusu ndugu aondoke bila karatasi yenye jina la kituo, siku ya kliniki na namba ya simu ya pale.

Mwulize mwenye duka kama lipo daftari la rufaa chini ya kaunta. Kama halipo, nunua la kurasa 200, unitumie risiti kwa simu, hela nitarudisha.

Bibi yako